Lessig na sheria iliyomo ndani ya programu

Lawrence Lessig, profesa wa sheria wa Harvard, alituonya tangu 1999: kwenye intaneti, anayeandika programu anatunga sheria. Ukizuiwa kufungua ukurasa humwoni askari wala hakimu. Unaona kiduara kinazunguka tu. Lessig alipambana pia na sheria za hakimiliki: mwaka 2003 alishindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, akipinga hakimiliki kuongezewa miaka 20. Kushindwa huko kulimuuma, na alijilaumu hadharani. Lakini kwangu kazi yake kubwa ni leseni za Creative Commons alizoshiriki kuanzisha. Kwa leseni hizo, mwalimu leo anachapa makala ya Wikipedia ya Kiswahili, anataja chanzo, anawagawia wanafunzi wa darasa zima, bila kumwomba mtu ruhusa.