NGOMA YA MTAANI ISIWE NA KIINGILIO
(Maneno ya Katibu Msaidizi katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya ngoma ya Isukuti ambayo Chama chetu kinakusudia kuicheza hapa mtaani, Nairobi, mbele ya majirani wote. Baadhi ya wenzetu wa Kamati wamependekeza kila aingiaye atozwe shilingi hamsini, ili zipatikane fedha za kuwalipa wapigaji. Mimi sikubaliani na shauri hilo.

Ninyi mliozaliwa Isukha na Idakho, huko Kakamega, hamna haja ya kuelezwa Isukuti ni nini. Lakini leo wamo humu majirani wa makabila mengine. Jina lake latokana na ngoma zenyewe, nazo ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Pamoja nazo hulia pembe ya paa na njuga za chuma. Mwimbishaji hutangulia, na wachezaji humfuata, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Huchezwa mtoto azaliwapo, vijana watahiriwapo, arusini, matangani, hata uwanjani kwenye mpira, ambako kiingilio ni cha mpira, si cha ngoma. Nyumbani hakuna asimamaye langoni kukusanya fedha za Isukuti. Aliyefika amekwisha kuwa mmoja wa wachezaji. Mkimtoza, atakaa kitini atazame, na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa amelipia kutazama.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia Isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa zatugusa sisi: wengi wa wanaoijua ni wazee, na warithi ni haba, fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni shida, watunzi wamegeukia nyimbo za biashara, na wasikilizaji vivyo hivyo. Je, warithi watatoka wapi? Watoto wetu waliozaliwa mjini huisikia Isukuti tunapowapeleka nyumbani kuzika, kwa basi la kukodi, nao wamesinzia. Wengine hudhani ni ngoma ya msiba tu! Mtoto hana shilingi hamsini. Akizuiwa langoni, tumemfungia nje yule yule tuliyemwandalia.

Nakubali kwamba wapigaji hawashibi makofi. Kupiga ngoma kubwa mchana kutwa ni kazi ngumu, na ngozi ikipasuka sharti iwambwe nyingine. Si haki kumwita mzee aache shughuli zake, kisha tumpe soda na shukrani. Walipwe, tena walipwe kabla ya kuanza. Lakini fedha zitoke kwetu wanachama. Mtunza Hazina amesema mfuko wa mazishi usiguswe, naye ana haki. Basi kila mwanachama na aongeze shilingi mia moja juu ya ada yake, mara moja kwa mwaka.

Naomba shauri hili lipigiwe kura leo, kabla tiketi hazijachapwa. Tena naomba mahali pa mbele pasiwekwe viti vya wageni wa heshima, bali pawe wazi, watoto wapate kusimama karibu na ngoma ndogo.