Kibrahui si Masalia ya Harappa

Kuna hoja moja ambayo haichoki kurudi. Kibrahui, lugha ya watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiwa Kalat, Khuzdar na viunga vyake katika jimbo la Balochistan, Pakistan, ni lugha ya Kidravidi, ilhali ndugu zake wa karibu wako mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000. Basi, hudaiwa, Wabrahui ni mabaki ya waliojenga Harappa na Mohenjo-daro, miji ya kale ya Bonde la Indus. Wenzao walisukumwa kusini, wao wakasalia milimani. Hoja hii inavutia, lakini imejengwa juu ya ramani. Ramani huonyesha watu walipo leo, haisemi walifika lini.

Tuzisikilize sauti. Jicho kwa Kitamil ni kaṇ, kwa Kibrahui ni khan. Jiwe ni kal, Kibrahui khal. Kipasuo k cha mwanzo kimelegea kikawa kh. Kikurukh cha India ya kati na mashariki nacho husema khann, na Kimalto hutumia q mahali hapohapo. Atakayesema kwamba k hulegea popote duniani hajakosea. Lakini hapa kuna sharti: mbele ya irabu i, k hubaki k. Sadfa haiji na masharti. (Badiliko la v kuwa b nalitupa mwenyewe, maana Kikannada nacho kimelifanya.) Na ile l isiyo na mghuno, ambapo hewa hukwaruza ubavuni mwa ulimi, kama katika pālh, maziwa, isihesabiwe kuwa ukale: Kitamil na Kikurukh havina, na upekee si umri.

Undugu huo wa Kibrahui na Kikurukh na Kimalto, nakiri, hausemi nani alihama. Kinachosema ni msamiati, na hapo hakuna kitabu ninachokithamini kuliko kazi ya Denys Bray, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyetoa sarufi ya Kibrahui mwaka 1909, kisha mwaka 1934 akaleta kamusi ya asili za maneno. Bray hakuficha kitu. Neno la Kibulushi, lugha ya Kiirani ya majirani Wabulushi, aliliandika kuwa la Kibulushi, la Kisindhi kuwa la Kisindhi, hata pale asili za Kidravidi zilipobaki chache katika umati. Hesabu ni kielelezo tosha: asit, irat, musit, moja hadi tatu, ni za Kidravidi, kuanzia nne, chār, panch, zimetoka kwa majirani wa Kiirani. Mwaka 1987 mwanaisimu Josef Elfenbein alikaza hoja: mikopo ya Kiirani humo kimsingi ni ya Kibulushi, na tabaka la Kiirani cha kale halionekani.

Nitajibiwa kwamba maneno ya kale yalifunikwa na mapya. Lakini Wareno walikaa pwani yetu karne 2 tu, na hadi leo tunasema meza, bendera na gereza, licha ya Kiarabu na Kiingereza kumiminika. Lugha iliyoishi kando ya Wairani miaka 3,000 ingekosaje hata chembe? Kwangu Wabrahui walitoka upande wa India, wakafika Balochistan wakati mmoja na Wabulushi au karibu na hapo, takriban miaka 1,000 iliyopita. Anayepinga asiniletee ramani. Alete maneno 10 ya Kiirani cha kale ambayo Kibrahui kiliyapokea kabla ya Wabulushi kufika.