Makaburi Yasiyo na Majina: Urithi wa Vita vya Rufiji



Katika delta ya mto Rufiji, upande wa Kibiti, ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaburutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam.

Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani. Bali wapagazi wa majeshi yote mawili walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi, na walio wengi hawana kaburi linalojulikana.

Ushahidi uko Dar es Salaam. Mwaka 1968 makaburi 660 ya vita hivyo yalihamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha barabara mpya. Waafrika, Wakristo kwa Waislamu, hawakuwa wamewekewa alama kila mtu na yake. Kwa hiyo walizikwa upya katika makaburi ya pamoja.

Kaburi lisilo na jina halina wa kulitetea. Usharika unaotimiza miaka 100 una vitabu vya ubatizo na vya maziko, tena una wazee wanaokumbuka nani amelala wapi. Majina hayo na yaandikwe wazee wangali hai, ili siku barabara itakapopita, iwakute marehemu wanaojulikana.