Lami Ikifika Kijijini Ibadilike

Msikilizaji, taarifa hii umeshaisikia mara nyingi, kinachobadilika ni jina la kijiji tu. Mwanafunzi amegongwa akivuka barabara kuu. Wananchi wenye hasira wamefunga njia kwa mawe na magogo. Mabasi na malori yamekwama, mkuu wa wilaya amefika, amewatuliza watu, ameahidi matuta. Baada ya muda tuta linajengwa kweli. Utaratibu huu unaniuma sana, kwa sababu maana yake ni kwamba kijiji kinapata tuta lake kwa gharama ya uhai wa mtoto.

Chukua barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Ukishapita Mikumi unafika Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa pande zote mbili, vijana wanakimbilia madirisha ya basi. Mbele zaidi, Ilula, ni nyanya. Hapo hapo kuna bodaboda zinazosubiri abiria, kina mama wanaovuka na ndoo kichwani, na watoto wa shule. Katika makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kibao cha 50 kipo, dereva anakiona.

Mbona hapunguzi? Wapo wakaidi, ndiyo. Lakini dereva aliyekimbia kwa saa nzima amezoea ile kasi. Akishuka hadi 50 anajiona kama anatambaa. Na anapoingia kijijini, barabara ni ile ile: upana ule ule, imenyooka vile vile, hakuna kilichobadilika mbele ya macho yake. Kibao kinamwambia punguza, lami inamwambia twende. Ndipo anapokumbuka tochi ya trafiki, na gari linalokuja limeshamwashia taa kumjulisha kama ipo au haipo. Trafiki wanafanya kazi ngumu juani, lakini hawawezi kusimama katika kila kijiji, mchana na usiku.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwa basi na lori nje ya makazi, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde nzima inaweza kupita kabla mguu haujakanyaga breki vizuri. Hata lami ikiwa kavu na breki ikiwa nzima, gari dogo litasimama baada ya kama mita 57. Lingekuwa kwenye 50, lingesimama ndani ya mita 28 hivi. Lori lenye shehena linahitaji zaidi ya hapo. Mtoto aliye mita 30 mbele, kwa mwendo mmoja anafika shuleni, kwa mwingine hafiki.

Nimesikia watu wakiuliza: nani aliwatuma kujenga kando ya barabara? Swali hili si la haki. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali iliwahamisha mamilioni ya watu, na vijiji vingi vilipangwa kwa makusudi kando ya barabara ili shule, zahanati na pembejeo ziwafikie. Watoto na wajukuu wa watu hao ndio wanaovuka leo. Na hata aliyehamia jana ameifuata riziki, kwa sababu mteja wa nyanya zake yuko ndani ya basi.

Basi barabara yenyewe ifanye kazi. Kabla ya nyumba ya kwanza ziwekwe rasta, dereva asikie mtetemo kwenye usukani. Kisha lango la kijiji: kibao kikubwa chenye jina, njia iliyobanwa kwa ukingo wa zege na kisiwa katikati, ili macho yake yakubali kwamba amefika kwa watu. Mbele ya shule, kivuko kilichoinuliwa. Basi lipate kituo nje ya lami, na anayetembea apate njia yake. Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga vivuko na njia za miguu kuzunguka shule za msingi, majeruhi wakapungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Barabara kuu ina malori mazito zaidi, vipimo vitatofautiana, lakini mtoto ni yule yule.

Madereva wana malalamiko ya kweli kuhusu matuta. Tuta lisilo na rangi wala kibao, ukikutana nalo usiku, linavunja springi na kuwarusha abiria wa kiti cha nyuma. Wezi nao hudandia malori yanapopunguza mwendo. Kwa hiyo tuta la haraka haraka, lililomwagwa ili kutuliza hasira za wananchi, silitetei. Ninachotetea ni mwendo unaoshushwa hatua kwa hatua, mahali penye mwanga na alama zinazoonekana.

Lakini hoja ya kuchelewa siikubali. Kijiji cha kilomita moja, kwa mwendo wa 80 unakipita kwa sekunde 45. Kwa 50, sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Vijiji 20 vya namna hiyo ni dakika tisa, katika safari ya Mbeya inayokula siku nzima.

Kila mkoa una Bodi ya Barabara, inayoongozwa na mkuu wa mkoa, na wabunge wamo. Barabara inapotengenezwa upya, lango, kivuko na njia ya miguu viwemo kwenye mchoro wa kwanza na kwenye gharama za kwanza, kabla mkandarasi hajaleta greda. Mwenyekiti wa kijiji unayenisikiliza, itisha mkutano, andikeni mnapovukia watoto wenu na saa wanazovuka, barua hiyo mpeni diwani na mbunge wenu. Na mheshimiwa mbunge, ifikishe kwenye Bodi, kisha urudi kijijini uwaambie ulijibiwa nini.