Shukrani ya Moyo ni Ibada

(Hotuba kwa waamini na walimu wa dini, Bigwa, katika siku za jubilei ya Jimbo)



Wapendwa Mapadre, Masista, walimu wenzetu, nanyi wazee, akina mama na vijana wa Bigwa na wa milima yote ya Uluguru.

Siku hizi za jubilei tumeimba, tumepiga ngoma na vigelegele, nazo meza zimejaa vyakula. Yote ni mema. Lakini yatupasa kujiuliza: je, furaha hii ni karamu tu, au ni ibada? Kwani mtu aweza kula karamu asimkumbuke aliyemwalika, lakini hawezi kushukuru kwa kweli asimgeukie aliyempa.

Mwinjili Luka atusimulia habari za wakoma kumi. Wote kumi walimwomba Bwana wetu awahurumie, wote kumi walitii wakashika njia kwenda kwa makuhani, wote wakatakasika. Lakini mmoja tu alirudi, naye alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Alimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu. Wale tisa hawakuiba wala hawakutukana. Walikwenda zao tu. Na hili ndilo kosa letu la kila siku. Tukiugua twafanya novena. Tukipona twarudi shambani. Mvua ikikawia twaomba Misa. Mahindi yakijaa ghalani twasema mbegu ya mwaka huu ilikuwa njema. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Sisi pengine hata mateke hatutoi, twanyamaza tu.

Tena tukumbuke kwamba neno Ekaristi latoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Bwana wetu, usiku ule wa kutolewa kwake, alitwaa mkate akashukuru. Msaliti alikwisha kupatana na adui zake, na Msalaba ulikuwa karibu; hata hivyo alishukuru. Basi kila tuingiapo kanisani kusikiliza Misa, twaingia katika shukrani yake. Asiyeleta shukrani yoyote moyoni aja mikono mitupu mbele ya altare, hata akiwa ameleta kuku na kikapu cha ndizi.

Tuwatazame na wazee wetu katika imani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakaanza misioni ya Bagamoyo. Wakristu wa kwanza wa pale wengi walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa. Hawakuja kwa hiari yao: walinyakuliwa makwao, wakatembezwa njia ndefu hadi pwani, na wengi hawakuwaona mama zao tena. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikaibomoa misioni yao, nao wakajenga upya. Mwaka 1877 baadhi yao, mume na mke, walipelekwa Mhonda katika milima ya Nguru, wakaanzisha kijiji cha Kikristu. Ndipo imani ikafika Morogoro mwaka 1882, na Matombo mwaka 1897. Sisi tunaosali hapa leo twala matunda ya mti uliopandwa na watu waliowahi kufungwa minyororo.

Je, iliwapasa kumshukuru Mungu kwa ajili ya minyororo ile? Hasha! Utumwa ulikuwa uovu, na uovu si zawadi ya Mungu. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike aliwataka washukuru katika kila hali. Katika shida twamshukuru Mungu kwa kuwa hatuachi. Shida yenyewe hatuiiti jema.

Walimu, neno hili tulishike sana. Tusiende kwa mama aliyemzika mwanawe jana na kumwambia, Shukuru, ni mapenzi ya Mungu. Tusimwambie hivyo mkulima ambaye shamba lake la mtelemkoni limechukuliwa na mvua, hata hana mbegu ya kupanda. Kwanza tuchote maji, tukate kuni, tukae matangani, tumgawie mbegu. Machozi yake nayo ni sala. Siku itakapofika, yeye mwenyewe atashukuru, na labda atashukuru kwa sababu hakuachwa peke yake. Tukimhimiza kabla ya siku hiyo, twamfundisha kumwambia Mungu maneno yasiyo moyoni mwake.

Basi tufanyeje? Jioni, kabla ya kulala, kila nyumba itaje jambo moja la siku ile, kwa jina lake: mtoto aliyepona homa, jirani aliyerudisha jembe, mvua iliyonyesha. Watoto wazoee kutaja jambo lenyewe, wasiseme tu, Asante kwa yote. Katika sadaka ya mavuno, tulete kilicho chema kama kile tunachompa mgeni wa heshima. Tuwakumbuke katika Misa walimu wa dini waliotutangulia, waliopanda milima hii kwa miguu, ambao makaburi ya wengi wao hayana hata msalaba. Nayo maji! Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hata Dar es Salaam. Amshukuruye Mungu kwa chemchemi hatakata miti iliyoizunguka, kwani walio chini wanamngojea.

Ndugu wapendwa, jubilei itapita, na mapambo yatashushwa. Tuige Msamaria yule: kila tunapopokea, turudi kwa Bwana kabla ya kwenda zetu. Na tumwombe Mama Bikira Maria, aliyeimba sifa za Mungu nyumbani mwa Elisabeti, atufundishe kushukuru kwa midomo, kwa moyo na kwa mikono.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele. Amina.