Kichwa cha Gitaa na Mahali pa Funguo Zake

Leo nataka kusema nanyi habari za kazi moja ya useremala ambayo huonekana kuwa ndogo, walakini ndiyo iamuayo kama gitaa litasema kweli au litasema uwongo. Nayo ni kazi ya kuchora kichwa cha gitaa na kutoboa mahali pa funguo za kukazia nyuzi.

Mji wa Dar es Salaam umeyajua magitaa tangu zamani. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Mlimani Park Orchestra mwaka 1978. Katika muziki wa dansi gitaa la solo, la ridhimu na la besi hujibizana kama watu wazungumzao barazani. Moja likipotoka sauti, mazungumzo yote huharibika. Na mafundi tunao. Ukitoka Chang'ombe, penye chuo cha ufundi cha VETA, huendi mbali kabla ya kufika Keko, ambako maseremala hutengeneza vitanda, makabati na viti. Ajuaye kuunga mguu wa kiti barabara aweza pia kujifunza kutengeneza kichwa cha gitaa, maadamu ashike kanuni moja: uzi upite kwa mstari ulionyoka, kutoka shingoni hata kwenye ufunguo wake.

Sababu yake ni hii. Mwisho wa shingo pana kipande cha mfupa chenye mifuo 6, na kila uzi hupita katika mfuo wake. Uzi ukipinda kwenda upande mahali pale, husugua ukuta wa mfuo na kunasa. Mpigaji hukaza ufunguo, uzi usiende. Halafu katikati ya wimbo huteleza kwa ghafula, na sauti hubadilika. Watu husema funguo ni mbovu, huenda kununua nyingine, kumbe kosa ni la mchoro.

Basi kazi na ifuate utaratibu huu.

Kwanza, usianze kwa msumeno wala kwa pambo. Twaa karatasi, uchore mstari wa katikati ya shingo, kisha uchore nyuzi zote 6 kama zilivyo, na kuziendeleza hata zipite kile kipande cha mfupa. Katika magitaa mengi kipande hicho kina upana wa milimita 43 hivi, na kati ya uzi na uzi pana milimita 7 hivi.

Pili, upime ufunguo wenyewe. Una nguzo ambayo uzi huizunguka, una kisanduku cha meno kikaacho nyuma ya kichwa, na una sikio la kuzungushia. Uzi huondoka ubavuni mwa nguzo, si katikati yake. Kwa hiyo, nguzo ikiwa na unene wa milimita 6, kitovu cha tundu kiwe milimita 3 kando ya mstari wa uzi.

Tatu, uchague mpango. Waweza kupanga funguo zote 6 upande mmoja, kama alivyofanya Leo Fender huko Marekani mwaka 1950. Na kabla yake, katika karne ya 19, Johann Georg Stauffer wa Vienna alifanya vivyo hivyo. Kati ya tundu na tundu acha milimita 25 hivi, vidole vipate nafasi. Safu ya matundu itakwenda mshazari, nazo nyuzi zote zitanyoka.

Ama waweza kupanga funguo 3 huku na 3 huku. Hapo nyuzi za nje huenda kwenye funguo za karibu, na zile mbili za katikati huenda kwenye funguo za mbali. Lakini zikinyoka kabisa, visanduku vya nyuma vitagongana. Basi uvipange juu ya karatasi, ukavisogeze nje kwa kadiri ya lazima tu. Ukikipanua kichwa kwa ajili ya pambo, nyuzi za katikati ndizo zitakazopinda zaidi.

Nne, uzi sharti ukandamizwe mfuoni, usije ukatetemeka ovyo. Tazameni udi upigwao katika taarabu ya Unguja: kichwa chake kimekunjwa sana kwenda nyuma. Gitaa halihitaji kiasi hicho; digrii 10 hata 17 zatosha. Walakini, ukikichonga kichwa kilichoinama kutoka ubao mmoja, nyuzinyuzi za mti hukatika penye kunjo, na gitaa likianguka kichwa huvunjika hapo. Afadhali kuukata ubao mshazari, kukipindua kipande kilichokatwa, na kukiunga tena kwa gundi. Kiungo hicho kina nguvu, tena huokoa mbao. Fender yeye alikiacha kichwa bila kukiinamisha, akatia kibanio kidogo cha kuzishusha nyuzi nyembamba.

Tano, utoboe kwanza katika kipande cha mninga kisicho na kazi, uone kama nguzo inaingia vema. Unene wa kichwa uwe milimita 14 au 15 hivi. Halafu ndipo uchore umbo lipendezalo kuyazunguka matundu. Pambo na lifuate matundu. Matundu yasifuate pambo.

Na wewe uliye na gitaa nyumbani, litazame leo kwa juu. Ukiona uzi umepinda penye mfuo, nao hupotoka sauti mara kwa mara, paka mfuoni unga wa risasi ya penseli, uzi upate kuteleza. Hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Tiba yenyewe hutolewa na seremala, juu ya karatasi, kabla msumeno haujagusa mti.

Kwaherini.