Tembo wa methali na tembo wa shambani



Kila mtu ana msemo anaoupenda. Wapo wanaouandika ukutani, na wapo wanaouhifadhi kichwani hadi siku ya kuutumia. Kisaki, msemo usiohitaji kufafanuliwa ni ule wa wahenga: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwingine hilo ni fumbo. Hapa limekwisha kuonekana kwa macho, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Septemba 1916. Majeshi ya upande wa Uingereza, wakiwemo wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, yaliwafuata Wajerumani hadi Kisaki na vita vikapiganwa hapo. Tarehe 4 Januari 1917, mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa Behobeho. Kaburi lake lajulikana hadi leo, na jina lake likapewa pori zima. Lakini wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Ukumbusho wao umebaki katika neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Hao ndio waliokuwa nyasi.

Mara ya pili ni sasa, na safari hii tembo ni tembo kweli. Tangu mwaka 2019, sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Abiria wa treni ya TAZARA husogelea madirisha wapate kuwaona wanyama. Mkulima aliyekesha juu ya dungu, debe mkononi, hana furaha hiyo. Kwake, usiku mmoja waweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Mtoto anayekesha naye huamkia usingizini darasani, iwapo atafika darasani.

Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hashiki jembe. Wala haifai kumfukuza kwa panga au mshale, kwa maana tembo aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mwenye njaa.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 imeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa. Jina lenyewe lasema kweli: jasho hufutwa, halirudishwi. Malipo hayo si fidia ya gunia kwa gunia, na mwananchi anastahili kuelezwa hivyo waziwazi. Hata hivyo, hasara isiyoripotiwa haina hata hicho kidogo. Aliyepatwa na atoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji, kabla nyayo hazijafutika, ili afisa wanyamapori afike na kufanya tathmini. Taarifa hizo zina kazi nyingine pia: ndizo zinazoonyesha tembo wanapita wapi na askari wanahitajika wapi.

Ipo na kinga. Pilipili kali iliyotwangwa, ikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye vitambaa vinavyoning'inizwa katika kamba kuzunguka shamba, humkera tembo akageuka. Mizinga ya nyuki nayo humtisha, na juu yake hutoa asali. Lakini uzio wa shamba moja una kasoro yake: humwokoa mwenye shamba na kumhamishia jirani tembo. Ndiyo maana mashamba yanayopakana yafaa kuzungushiwa uzio mmoja, zamu za ulinzi zikapangwa kwa watu wazima, na watoto wakalala nyumbani.

Methali ya tatu yasema: tembo hashindwi na mkonga wake. Mzigo huu ni wa Kisaki, na Kisaki haitashindwa kuubeba, mradi usiachiwe mtu mmoja juu ya dungu lake usiku. Wahenga walisema nyasi huumia. Hawakusema nyasi zinyamaze.